Watoto wa Mjini katika Kambi za Shamba
(Hotuba kwa wanachama, Bariadi)



Nasema nanyi katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama chetu. Neno langu ni hili: yafaa watoto wa Mwanza na Dar es Salaam wapige kambi katika vijiji vyetu vya Simiyu wakati wa likizo ya Juni, pamba ikichumwa, lakini waje kwa masharti.

Jambo hili lina historia. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1966, wasomi walipotakiwa kuingia kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka 1967 akatoa maandiko ya Elimu ya Kujitegemea. Mimi najifunza kwamba aliyelelewa mbali na shamba huliona jembe kuwa adhabu. Heri alizoee angali mtoto.

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi mtoto wa mjini asije kuzitazama nyumba zetu za udongo na kutuonea huruma. Aje achume pamba asubuhi, atenge safi na fifi, aifuate hadi kwenye mizani ya chama cha msingi. Lakini asisogezwe karibu na dawa ya wadudu, wala asifanywe kibarua wa bure.

Sharti la pili, wazazi wake walipe chakula chake. Kwetu mgeni hanyimwi. Kwa hiyo nyumba yenye debe moja la mtama itampa na kunyamaza, kisha watoto wake walale njaa. Heshima yetu isigeuzwe kuwa mzigo wetu.

Sharti la tatu, watoto wetu wawe walimu wa kambi, si wapagazi; nao waalikwe mjini likizo nyingine.

Mtauliza, faida yetu ni nini? Mtoto huyu kesho atakuwa karani, mbunge au mnunuzi wa pamba. Atakapokaa mezani kuzungumza juu ya bei, na akumbuke jinsi vitumba vikavu vilivyomchoma vidole.

Nauomba Mkutano ulifikirie shauri hili.