Mtoto Anapokataa Mboga: Mazungumzo na Wazazi

(Maneno haya yalisemwa na mama mmoja wa kikundi cha lishe katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, Kiryandongo. Tumeyachapa kwa ombi la wengi waliokuwapo.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupika mboga katika nyumba yenye mtoto mdogo mchaguzi. Wengine mlicheka Mwenyekiti alipoitaja mada hii. Hata mimi ningecheka, lau nisingekuwa na mtoto wa aina hiyo mwaka wa 2008.

Wengi wenu mnayajua ya mwaka ule. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 fujo zilizuka, na Januari 2008 tukaanza kuvuka mpaka kuingia Uganda. Wengine walipitia Malaba, wengine Busia. Mimi nilivuka Busia nikiwa na watoto watatu, sufuria moja na shuka mbili, mdogo wao nimemkalisha mbele yangu juu ya boda boda, zile baiskeli ambazo jina lake lilizaliwa pale pale mpakani. Tulikusanywa Mulanda, wilaya ya Tororo, katika kituo cha muda, na baadaye mwaka ule ule wengi wetu tukaletwa hapa Kiryandongo, ambako wenzetu kutoka kusini mwa Sudan walikuwa wametangulia tangu 1990.

Yule mdogo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Nyumbani alizoea viazi na kabichi. Pale Mulanda tulipata unga, maharage na mafuta, na tunashukuru, maana tulishiba. Lakini majani mabichi hayapakiwi kwenye magunia yakasafiri siku nyingi. Nilipopata shilingi chache nikanunua majani ya kunde kwa wenyeji, nikayachemsha, nikamwaga maji, nikatia chumvi, nikampa mtoto. Akatema. Siku ya pili akatema tena. Siku ya tatu nilimbana mikono nikamlisha kwa nguvu, naye akatapika yote pamoja na uji wa asubuhi.

Ndugu zangu, nasema jambo hili mbele yenu bila kuficha: nilimpiga. Nilidhani ni jeuri. Baada ya hapo hata akiona kijiko alikuwa anageuza uso. Alipopimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, alama iliangukia kwenye manjano. Wenye watoto wanajua kwamba baada ya manjano kuna nyekundu.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee, mwenyeji wa Mulanda, Mjopadhola, aliyekuja kuuza mboga. Alinikuta nikipigana na mtoto. Akaketi, akatazama, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mama, huyu mtoto haogopi mboga. Anaogopa mkono wako." Kesho yake akaja na fungu la kunde na karanga zilizotwangwa kwenye jani la mgomba. Hakutaka pesa. Hayo aliyonifundisha ndiyo ninayowaletea leo, nikiongeza niliyojifunza kwa wauguzi.

Kwanza ni upishi wenyewe. Chuma majani machanga ya kunde, yaoshe kabla ya kuyakata, si baada. Chemsha maji kikombe kimoja tu, tia majani, funika, yaive kiasi cha dakika kumi hadi kumi na tano. Maji usiyamwage, kwa sababu sehemu ya nguvu ya mboga imo humo. Wengi wetu hutia magadi ili majani yalainike upesi. Magadi mengi huharibu vitamini, kwa hiyo tia kidogo sana, au uache kabisa ukiwa na majani machanga. Katika bakuli changanya karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini na maji ya uvuguvugu, mimina juu ya mboga, upunguze moto, ukoroge mpaka rojo ishike mwiko. Chumvi itiwe mwisho, na iwe kidogo. Asiye na karanga atumie simsim, au kijiko kimoja cha unga wa omena, hawa tunaowaita hapa mukene.

Karanga hizo ziwe kavu na safi. Zenye ukungu zitupwe, wala usimpe mtoto, maana zina sumu. Na karanga nzima asipewe mtoto mdogo, kwa kuwa humkaba koo.

Pili ni uchungu. Ulimi wa mtoto mdogo unahisi uchungu na kuukataa, na hiyo ni tabia ya kuzaliwa. Kwa hiyo usianze na saga wala mnavu peke yake. Changanya konzi moja ya mnavu na konzi mbili za mchicha, huo ambao hapa unaitwa dodo, umalizie kwa maziwa ukiyapata. Wiki zikipita, ongeza mnavu kidogo kidogo. Mrenda nao huteleza bila kutafunwa, watoto wengi huupokea upesi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vikipondwa na majani, huondoa ukali na vinampa mtoto vitamini A. Usisahau tone la mafuta, kwa sababu vitamini hiyo huingia mwilini vizuri ikiwa pamoja na mafuta.

Tatu ni ulaji, na hapa ndipo wengi tunakosea. Mtoto huhitaji kukionja chakula kigeni mara nyingi kabla hajakikubali, mara nane, kumi, hata kumi na tano. Sisi tukikataliwa mara tatu tunasema, "Huyu hali mboga," na mambo yameishia hapo. Haba na haba hujaza kibaba. Weka kijiko kimoja tu pembeni mwa sahani yake. Akila, vema. Akiacha, ondoa bila neno, kesho weka tena. Asibanwe, asipigwe, wala asiahidiwe sukari.

Usimpikie chungu chake peke yake, kwanza kuni zenyewe ziko wapi? Pika chungu kimoja, toa sehemu yake kabla ya kutia pilipili, kisha mle pamoja. Mtoto huyu wangu alianza kula siku alipomwona kaka yake akichovya ugali katika ile rojo ya karanga. Hakuna aliyemwambia. Alinyoosha mkono mwenyewe. Nilitazama pembeni nikijifanya sioni, asije akaacha.

Na baba akae hapo. Baba akisukuma mboga kando akisema ni chakula cha wanawake, mtoto amekwisha kusikia.

Tena chai isipewe mtoto pamoja na chakula, kwa maana inazuia madini ya chuma, na humjaza tumbo bure. Na mtoto anayekataa chakula chote, anayekonda, anayevimba miguu au mwenye homa, huyo si mchaguzi, ni mgonjwa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje maneno yangu haya.

Nina ombi kwa ndugu zetu wa mashirika. Mnapotufundisha lishe kwa picha za vyakula vilivyopangwa kwenye karatasi, tunashukuru. Lakini tuleteeni na mbegu za kunde, mchicha na saga, ambazo huota haraka hata kando ya nyumba, na mtupe nafasi akina mama wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Kenya na wenyeji tupike pamoja, kila mmoja aonyeshe ya kwao. Mama mzee yule hakuwa na cheti. Alikuwa na karanga, na alikuwa na subira.

Nilitoka Mulanda bila kupata nafasi ya kumuaga. Utepe ulirudi kwenye kijani kabla hatujapanda gari. Mtoto yule leo ni mtu mzima, na akija nyumbani huuliza swali moja tu kabla hajaketi: "Mama, leo kuna kunde?"

Mama mwenzangu ambaye jana ulimbana mtoto wako mikono, usijione mbaya. Umechoka, nasi tunajua umetoka wapi. Lakini leo jioni weka kijiko kimoja pembeni mwa sahani, uketi karibu naye, nawe ule.