Mzee Anapotibiwa Saratani, Asinyamaze

Leo tunazungumza juu ya saratani, yaani kansa, kwa wazee wetu. Wako wanaosema, "Huyu kala chumvi nyingi, matibabu ya nini tena?" Maneno hayo hatuyakubali.

Jimmy Carter, mkulima wa karanga aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa na miaka 90 mwaka 2015 alipokutwa na saratani iliyokwisha kufika kwenye ini na ubongo. Alipasuliwa, akachomwa kwa mionzi, akatundikiwa pia dripu ya dawa ya kuamsha kinga ya mwili, iitwayo pembrolizumabu. Novemba ile ile, bado anatibiwa, alikuwa akijenga nyumba za watu wenye kipato kidogo. Alifariki mwaka 2024, ana miaka 100. Si wote wanaopona hivyo, na dawa yenyewe ni ghali mno.

Dawa hii haiui saratani yenyewe. Mwilini tunao askari, kama sungusungu wa kijiji. Saratani huwahadaa, wakaidhania mwenyeji, wakaipita. Dawa huwafumbua macho. Sasa basi, sungusungu wakipandwa na hasira huweza kumpiga hata mwenye nyumba! Hushambulia matumbo, mapafu, ini au ngozi. Mgonjwa huharisha, hukohoa, hukosa pumzi, hutoka vipele au huchoka kupita kiasi. Mambo haya huweza kuzuka hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.

Na mzee ana haya. Ataharisha siku mbili, lakini ukimwambia, "Shikamoo baba, umeamkaje?" atajibu, "Marahaba, sijambo." Hataki kusumbua watu. Kumbe maji yanamwishia mwilini upesi kuliko kijana. Msimnunulie dawa ya kufunga tumbo mkangoja. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mkaitaje dawa ya dripu, maana mganga anaweza kudhani ni kuharisha kwa kawaida. Akiwahi, madaktari husimamisha dripu na kumpa dawa ya kuwatuliza askari hao. Hiyo nayo asiiache ghafla.

Tena aulizwe anataka nini: kufika shambani, kusali na wenzake, kukaa na wajukuu? Daktari akijua hayo ataona kama matibabu yanamsaidia au yanamchosha bure.

Ninyi mliokwisha kujua kusoma na kuandika, kazi hii mnaiweza. Chukueni daftari. Andikeni jina la dawa, tarehe ya dripu, vidonge vyake vya presha au sukari, na kila siku alivyokula, alivyolala na alivyokwenda choo. Akienda kliniki, daftari hilo liende naye.