Oili Sili Ivujayo Ina Sababu



Katika hati za malipo za vyama vyenye Land Rover Series III, magari yaliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, mkaguzi hukuta oili sili ya gurudumu lile lile imenunuliwa mara mbili au tatu katika mwaka mmoja. Risiti zipo na hesabu ni sahihi, lakini gari bado linavuja.

Oili sili ni pete ya mpira yenye mdomo unaobana chuma kinachozunguka, ili mafuta yasitoke. Mdomo huo huchakaa kwa umri, lakini mara nyingi chanzo kipo kwingine. Kwanza, kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli kikizibwa na matope, hewa iliyopata joto ndani hukosa njia, ikayasukuma mafuta kupitia sili. Pili, beringi ikilegea, habu hucheza na mdomo hauwezi kubana. Tatu, chuma kinachosuguana na sili kikilika na kufanya mfereji, sili mpya haitadumu. Pete hiyo ya chuma nayo haina budi kubadilishwa.

Madhara yake si madoa ya mafuta ardhini tu. Sili ya habu ikivuja, oili hulowesha lainingi za breki. Sili ya nyuma ya giaboksi ikivuja, oili huingia katika dramu ya breki ya mkono, ambayo katika magari haya hushika propela shafti. Gari lililopakia magunia ya wanachama na kusimamishwa mteremkoni laweza kuondoka lenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, kabla ya kuidhinisha malipo, mtakeni fundi ajibu: Je, kitundu kimesafishwa? Beringi imepimwa? Chuma kimekaguliwa? Majibu yaandikwe katika daftari la gari. Wakati wa kufunga, mdomo upakwe mafuta na uelekee upande wa oili, na sili igongwe taratibu pande zote ili iingie sawa. Lainingi zilizolowa oili zibadilishwe, kuzipangusa hakutoshi. Mwisho, oili iongezwe hadi kipimo chake, na gari likaguliwe tena baada ya siku chache.

Bei ya sili ni ndogo, lakini kuinunua mara tatu bila kutafuta chanzo ni kuipoteza fedha ya wanachama kwa risiti halali.