Vua Kabla Hujapaka

Leo tunazungumza juu ya nguo na ngozi, lakini sina budi kuanza na tyubu. Kila siku ya kliniki naiona. Tyubu ndogo, imebanwa hadi imekunjamana, inatolewa mkobani ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi, na mwenyewe ananiambia: "Daktari, hii inanisaidia sana, ila nikiacha tu, mapele yanarudi." Nasoma yale maandishi madogo. Ndani mna dawa tatu: ya kuua fangasi, ya kuua bakteria, na ya tatu ni steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni. Namtazama aliyekuja nayo. Amevaa nguo ileile inayomwasha.

Yanarudi kwa sababu kinachoyaleta umekivaa.

Nieleze, maana wengi wanadhani mzio ni kitu cha papo kwa papo, ukigusa unavimba. Mzio wa nguo mara nyingi hauendi hivyo. Kinga ya mwili huchukua muda kuitambua kemikali fulani na kuiona adui, na pengine umeivaa miaka bila tatizo lolote. Ikishaitambua, basi. Kila ukiigusa, mapele hutoka baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana mnalaumu chakula. Jumamosi umevaa sare ya harusi, Jumapili umekula pweza, Jumatatu unawashwa. Pweza anabeba lawama, na sare inarudi kabatini kungoja harusi nyingine. Na wale wanaonibishia, "Siyo hii nguo, daktari, nimeivaa mwaka mzima," mwaka mzima si ushahidi wa lolote.

Uzi wenyewe, uwe wa pamba au wa polista, ni nadra kuleta mzio. Tatizo ni vilivyotiwa kwenye uzi. Polista na nailoni hutiwa rangi ambazo hazikushikamana na uzi kwa nguvu, na nguo ikibana, jasho likatoka, rangi huhamia ngozini. Nyeusi na buluu iliyokoza ndizo zinazosumbua zaidi. Kuna dawa za kuzuia mikunjo, zile zinazofanya shati lionekane limepigwa pasi hata likitoka kwenye kamba. Nyingi hutoa fomaldehaidi, kemikali ileile iliyomo kwenye maji ya kuhifadhia maiti. Kuna kemikali za mpira wa lastiki. Na kuna nikeli, kwenye vifungo vya jinzi, mabizimu ya mikanda na ndoano za sidiria. Sufu nayo huwasha, lakini mara nyingi ni kuchoma tu kwa nywele zake. Vaa kitu cha pamba ndani yake, yaishe.

Sasa tazama mahali. Ngozi yako inakuambia ni nguo gani, kama utakubali kuitazama kabla ya kukimbilia dukani. Mapele ya nguo hufuata msuguano na jasho: shingoni, kiunoni, ndani ya mapaja, nyuma ya magoti, mikunjo ya viwiko. Kwapani hushika kingo, pale mshono unaposugua, na katikati penyewe hupaacha. Kama katikati ndipo palipoharibika, shuku dawa ya kwapa unayojipulizia. Duara chini ya kitovu ni kifungo cha jinzi au bizimu la mkanda. Mstari unaozunguka kiuno ni lastiki. Haihitaji mganga.

Na jambo hili mlishike, wasikilizaji wangu wenye ngozi nyeusi, ambao ndio karibu nyote. Mmezoea kuambiwa mtafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi, au ya kijivujivu, au ya zambarau, imekauka, ukipitisha kidole inakwaruza. Ukishapona, baka jeusi hubaki miezi. Baka hilo si ugonjwa, ni alama tu, litafifia lenyewe. Lakini ni hapo hasa watu wanapojiharibia. Anaona baka, anadhani bado anaumwa, au anaona haya kuvaa nguo ya mikono mifupi, anarudi kwenye tyubu. Wengine wanaichanganya na mkorogo. Baada ya muda ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inachora mapaja na makwapa. Michirizi ile haifutiki. Nimeona msichana hajamaliza kidato cha nne ana mapaja yaliyopasuka kwa michirizi, na kilichoanza kilikuwa kuwashwa na suruali ya kubana. Suruali! Angeivua mwezi mmoja, asingenijua mimi.

Dada zangu wa pwani, nina neno na ninyi juu ya piko. Hina ya majani, ile ya kusaga na kukanda kwa maji, sina ugomvi nayo. Nazungumzia ile nyeusi tititi, inayoshika kwa dakika chache, ambayo mara nyingi ni dawa ya kupakia nywele rangi. Ina kemikali inayoitwa PPD kwa kifupi, na kwenye kisanduku chake imeandikwa kabisa isipakwe ngozini. Bibi harusi mmoja aliletwa kwangu mikono imevimba, malengelenge yamefuata maua ya piko, ua kwa ua. Alipona. Miezi ikapita, akarudi anawashwa shingoni na mikononi chini ya baibui jipya la polista nyeusi, naye hakuona uhusiano wowote. Upo. Mwili uliojifunza kuichukia PPD unaweza kuzichukia na baadhi ya rangi za vitambaa, kwa kuwa ni ndugu kikemia. Piko ya siku tatu inaweza kukuachia mzio wa maisha. Na huyo bibi harusi alikuwa amepaka nini shingoni? Mnajua alichopaka.

Simwambii mtu avue stara yake. Baibui liwe pana, na ndani yake vaa gauni jepesi la pamba la rangi hafifu lenye mikono na kola, ili polista isikae moja kwa moja kwenye ngozi yenye jasho. Mtandio, chagua wa pamba. Tofauti utaiona.

Mgonjwa mwingine ni kijana wa bodaboda, anakaa kwenye pikipiki tangu alfajiri, bizimu la mkanda linakandamiza tumbo chini ya kitovu. Ametibiwa fangasi hadi amechoka: amepaka, amemeza vidonge, amepakwa kitunguu saumu mpaka akaungua. Hakuna aliyemwambia afungue mkanda. Jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo kutoka kwenye chuma, na yeye anatoka jasho kutwa. Akaondoa mkanda, akashonesha kipande cha kitambaa kinene nyuma ya kifungo cha suruali, na kidonda kikafunga. Fundi yeyote wa cherehani anaweza kukushonea kipande hicho. Wapo wanaopaka kifungo rangi ya kucha isiyo na rangi. Inasaidia, lakini hubanduka, lazima urudie.

Nguo za ndani. Akina mama, acheni kuloweka chupi na sidiria kwenye dawa ya klorini, hii mnayoiita jiki. Najua mnataka usafi. Lakini klorini ikikutana na kemikali za mpira wa lastiki inaweza kuzigeuza kuwa kitu kinacholeta mzio mkali kuliko mpira wenyewe. Jambo hili limejulikana kwa madaktari wa ngozi tangu miaka ya 1970. Sabuni ya kawaida, maji mengi, jua kali. Inatosha kabisa.

Na kusuza! Watu wanasuza mara moja, povu bado liko, nguo inaanikwa. Sabuni ya unga iliyobaki kwenye nguo inakwangua ngozi. Hiyo hata si mzio, ni kuunguzwa polepole. Suza hadi maji yatoke meupe. Nguo mpya fua kabla ya kuivaa. Khanga mpya mnaijua ilivyo ngumu kwa wanga na dawa za kiwandani, lakini mtu anaikata doti asubuhi na jioni kajifunga kifuani. Mtumba nao vilevile, hujui ulihifadhiwa na nini. Kufua hupunguza fomaldehaidi na rangi ya ziada, ingawa hakumalizi; nguo inayochuja rangi kila ikifuliwa itachuja na mwilini mwako.

Watoto ndio wanaoniumiza. Sweta la shule, la uzi wa plastiki, linavaliwa tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka mchana wa jua. Mtoto anajikuna shingo. Bibi anasema ni pumu ya ngozi, jirani anasema ni mba, dukani wanatoa tyubu. Mtoto mdogo anapakwa klobetasoli shingo na uso kwa miezi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, dawa hiyo huingia damuni, inaweza kuzuia tezi zake kufanya kazi na kudumaza ukuaji. Ikipakwa karibu na macho muda mrefu inaweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mama, mvalishe fulana nyeupe ya pamba ndani, yenye kola ya kupanda, na umwombe mwalimu amruhusu avue sweta jua likiwa kali. Mwalimu unayenisikiliza, ruhusu.

Ya kufanya, basi. Vua nguo unayoishuku na uiweke kando kabisa kwa wiki nne. Si siku mbili. Mapele ya mzio huchukua wiki mbili hadi nne kuisha hata baada ya sababu kuondoka, na wanaovua siku mbili ndio wanaosema "nimevua, haikusaidia." Vaa pamba, pana, rangi hafifu. Weka kitambaa safi chenye maji ya baridi panapowasha. Paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Usijisugue kwa dodoki, usipake spiriti, dawa ya meno wala limau. Kama daktari au mfamasia akiona unahitaji steroidi, ataanza na nguvu inayofaa mahali hapo, kwa siku alizozitaja. Na wewe uliyepaka ile kali kwa miezi, usiache ghafla kwa kunisikiliza mimi. Ngozi inaweza kulipuka vibaya. Nenda ukasimamiwe kuiacha.

Si kila muwasho ni nguo. Ukiwashwa zaidi usiku, vipele viko katikati ya vidole na nyumba nzima inajikuna, huo ni upele. Ukiona duara lenye ukingo uliotuna na katikati kumepoa, huenda ni fangasi, na hapa tyubu ni hatari maradufu: steroidi inafuta ukingo, fangasi inaendelea kusambaa chini kwa chini, na sisi tunaokuja kuitibu hatuitambui tena. Panapotoa usaha, au mwenye mapele ana homa, nenda hospitali. Midomo ikivimba au kifua kikibana, usingoje hata dakika.

Sababu isipojulikana kuna kipimo. Vibandiko vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, na ngozi husomwa tena siku ya tatu au ya nne. Mjerumani Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895, na hadi leo hakijapata mbadala. Hakipatikani kila mahali, kwa hiyo waulize madaktari wa ngozi katika hospitali za rufaa. Nchini Tanzania tuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, na waliosoma pale wako katika hospitali nyingi za mikoa na nchi jirani. Siyo kwamba hakuna wa kumwendea.

Ukija kliniki, njoo na nguo yenyewe, usije na maelezo tu. Leta na lebo yake kama hukuikata. Na ile tyubu, msikilizaji, usiifiche. Iweke mezani kabla sijakuuliza.