UKIUMIA KAZINI, USINYAMAZE



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya malipo ya mtu aliyepata ulemavu kazini. Hapa chini ya Mlima Meru wengi wetu tunafanya kazi viwandani, kwenye ujenzi, na katika mashamba ya kahawa na maua. Mashine inakata vidole. Fundi anaanguka kutoka juu ya jengo. Kisha tajiri anatoa pesa kidogo ya dawa na kusema, "Nenda nyumbani ukapumzike." Mwenzetu anashukuru, anaondoka. Kumbe ameacha haki yake.

Haki hiyo imo katika sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008 kwa ajili ya Tanzania Bara. Mfuko wake, unaoitwa WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia Mfuko huo ni mwajiri. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja.

Je, nani anastahili kulipwa? Ni mtu aliyeajiriwa, akaumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake. Hata kama mlipatana kwa mdomo tu, wewe ni mfanyakazi. Lakini mkulima akiumia katika shamba lake mwenyewe, hamo katika sheria hii.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, mwambie mwajiri mara moja. Wenzako walioona wawe mashahidi. Mwajiri lazima apeleke taarifa kwenye Mfuko.

Pili, nenda hospitali. Mweleze daktari kwamba umeumia kazini. Tunza karatasi zote.

Tatu, usikawie. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki inapotea.

Baadaye daktari atapima ulemavu wako kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, unalipwa mara moja tu. Ukizidi 30, unalipwa pensheni kila mwezi. Ndiyo sababu karatasi ya daktari ni kitu kikubwa. Mtu asiyeweza kula wala kuvaa bila kusaidiwa ana malipo ya nyongeza. Na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, wategemezi wake hulipwa.

Ndugu zetu, zamani wengi wetu tuliweka dole gumba kwenye karatasi tusizozijua. Leo tunajua kusoma. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya tajiri, isome mpaka mwisho. Usipoielewa, nenda nayo kwa afisa kazi ukamwulize.