Hita ya Bafu: Dalili Kwamba Imefika Mwisho



Jambo la kwanza ndilo kubwa, kwa hivyo lisemwe mapema. Hita ikianza kuwapiga watu shoti, hata kidogo tu kama kutekenywa vidoleni mtu anaposhika mfereji, isitumike tena siku hiyo. Wengi huvaa malapa ya mpira na kuendelea kuoga. Malapa hayazuii stima kuingia kwa mkono ulioshika mfereji na kutokea kwa mkono mwingine ulioegemea ukuta uliolowa. Mwili wenye maji huipitisha stima kwa urahisi kuliko mwili mkavu. Zima swichi kuu ya nyumba, kisha fundi aitwe.

Kwa nini hita hizi ndogo za kichwani hushika shoti? Nyingi za bei nafuu zina waya mtupu wa kuchemshia, unaoguswa na maji moja kwa moja. Maji ya visima katika sehemu nyingi zetu yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha stima vizuri zaidi. Tena chumvi huula waya huo upesi. Ziko hita zilizotengenezewa maji ya chumvi, ambazo waya wake umefunikwa. Mwenye kisima asinunue nyingine, hata akipunguziwa bei.

Tazama pia swichi. Hita ya wati 5,000 kwa stima ya volti 240 huvuta takriban ampea 21. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Ndiyo maana hita iliyochomekwa kwenye soketi, au iliyofungwa kwa waya mwembamba, huyeyusha plastiki na kutoa harufu ya kuungua. Hapo kubadilisha hita peke yake ni kupoteza pesa. Waya na swichi vibadilishwe pia.

Maji kuwa vuguvugu si lazima iwe mwisho wa hita. Mara nyingi ni kifaa cha kuchemshia tu kilichokufa, nacho huuzwa peke yake.

Kwa wenye hita za tangi, kipimo ni rahisi. Fungua mfereji wa maji baridi, kisha wa moto. Baridi yakitoka safi na moto yakitoka ya kahawia, huenda tangi linaoza ndani. Likivuja kwenye maungio, fundi atakaza. Likivuja kwenye mwili wenyewe, halina dawa, na gundi haitasaidia. Tangi lililotumika miaka 8 hadi 12 likaguliwe hata kama halijalalamika. Na ile valvu inayodondosha maji isizibwe kamwe: ndiyo inayotoa presha, na tangi lililozibwa linaweza kupasuka.

Mpangaji amwandikie mwenye nyumba ujumbe, asimwambie kwa mdomo tu. Mwenye nyumba naye asitume kijana wa mtaani aliyezoea kubadilisha balbu. Fundi awe na leseni ya mamlaka ya EPRA, na hita mpya iwe na alama ya ubora ya KEBS. Kabla fundi hajalipwa, aonyeshe ulipofungwa waya wa ardhi. Nyumba nyingi za zamani hazina waya huo, na bila huo hita mpya ina hatari ile ile ya iliyotolewa.