Kujisomea Maandiko kwa Macho Yetu Wenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wahitimu na wanafunzi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Barua ya kamati ilinitaka nizungumze juu ya nafasi ya Maandiko katika maisha ya Mkristo. Mimi si mchungaji wala padre. Ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ya kila siku ni mafaili. Basi nitasema kama mtu wa mafaili. Ndugu zetu Waislamu mliomo ukumbini humu nawaomba mnivumilie. Nadhani jambo moja au mawili yatawafaa ninyi pia.

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa kidato cha nne hapa hapa, nilifanya mtihani wa somo la Biblia nikapata alama nzuri. Lakini kitabu cha Matendo ya Mitume, ambacho tulitahiniwa, sikupata kukisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na daftari la kaka mmoja aliyenitangulia, lenye maswali na majibu yake. Safari za Paulo nilizijua kwa hesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilizikariri bwenini kwa mwanga wa chemli umeme ulipokatika, nikafaulu. Wakati ule niliona huo ni werevu.

Nikaenda Chuo Kikuu, nikahitimu, nikaajiriwa. Jumapili nilikwenda kanisani na mahubiri niliyasikiliza. Lakini Biblia niliyopewa siku ya kipaimara ilikaa juu ya kabati, kingo za kurasa zake zenye rangi ya dhahabu zikiwa bado zimeshikana. Kama mtu angeniuliza Biblia inasema nini, ningemjibu kwa yale niliyosikia wengine wakisema.

Kazini nilifundishwa jambo moja mapema. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mzee mpole lakini mkali wa kazi. Siku moja nilimpelekea faili ili atoe uamuzi juu ya madai ya mtumishi mmoja aliyestaafu. Akaniuliza, "Umelisoma?" Nikamjibu, "Nimesoma dokezo la mwisho, mzee." Akalifunga, akanirudishia. Akasema, "Dokezo ni maneno ya mwenzako. Barua za huyu mstaafu zimo humu ndani. Kazisome, kisha urudi."

Nilizisoma. Aliyeandika dokezo hakusema uongo. Aliruka barua moja tu, nayo ndiyo iliyokuwa imebeba haki ya yule mzee. Tangu siku ile sijapata kuweka sahihi juu ya faili nisilolisoma. Lakini ilinichukua miaka mingi kuona kwamba katika mambo ya Mungu bado niliishi kwa madokezo ya watu.

Nina mdogo wangu wa kike. Nilipomwambia nitakayosema leo, alinijibu, "Waambie, kaka, usifiche kitu." Basi sitaficha. Yeye ana ugonjwa wa kisukari. Miaka kadhaa iliyopita alipata kidonda kidogo katika kidole cha mguu. Siku hizohizo alikuwa akihudhuria mikutano ya mhubiri mmoja aliyefika mjini kwao. Mhubiri yule alisoma mstari mmoja katika kitabu cha Mambo ya Nyakati cha pili, sura ya 16, mstari wa 12. Unaeleza kwamba mfalme Asa aliugua miguu, akawaendea waganga asimtafute Mungu; na mstari unaofuata unataja kifo chake. Akawaambia watu wachague: Bwana, au dawa. Mdogo wangu akaziweka dawa zake kando.

Nilisafiri kwenda kumsihi arudi hospitali. Alinikaribisha vizuri, akafungua Biblia, akaweka kidole juu ya mstari ule. "Kaka, wewe ndiwe msomi wetu. Hebu soma mwenyewe. Si ndivyo ilivyoandikwa?"

Nikasoma. Ndivyo ilivyoandikwa. Sikuwa na la kujibu. Nilimweleza habari za sukari katika damu, naye alikuwa akiniuliza habari za Mungu. Nikakasirika, nikamtukana mhubiri, naye akazidi kumshikilia. Nikarudi kazini kwangu. Baada ya majuma sita nilipigiwa simu usiku. Alikuwa amepelekwa hospitali ya mkoa akiwa hajitambui, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Nilikaa naye wodini siku nne. Biblia yake ilikuwa juu ya kikabati cha kitanda. Usiku wa pili, alipokuwa amelala, niliifungua pale alipokuwa ameniwekea kidole. Lakini safari hii sikuanza na mstari wa 12. Nilirudi nyuma hadi sura ya 14, mahali habari za Asa zinapoanza. Nililisoma faili.

Na hivi ndivyo nilivyokuta. Asa alivamiwa na jeshi kubwa mno, akamlilia Mungu, akaokolewa. Miaka mingi baadaye, mfalme Baasha wa Israeli alipomtisha, hakulia tena. Alichukua fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana, akampelekea Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, ili amkodi amsaidie. Mwonaji Hanani akaja kumkemea. Asa akamtia gerezani, na siku hizohizo akawaonea baadhi ya watu wake. Baada ya hayo ndipo linapokuja neno la ugonjwa wa miguu. Mwandishi anaonyesha mtu aliyeacha kumtegemea Mungu katika vita, katika kukosolewa, na mwishowe hata kitandani. Kosa linalotajwa ni kwamba Mungu hakutafutwa. Hakuna mahali panaposemwa kwamba dawa ni dhambi. Na katika kitabu cha Wafalme cha kwanza, sura ya 15, ugonjwa uleule wa miguu unatajwa kama ugonjwa wa uzeeni tu, bila neno lolote juu ya waganga.

Nikaendelea. Katika Wafalme wa pili, sura ya 20, mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aliomba, akalia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha nabii Isaya, aliyeileta ahadi hiyo, akaagiza waandae tini waziweke juu ya jipu, naye akapona. Ahadi ya Mungu na dawa vimo katika habari moja, wala havigombani. Katika Wakolosai 4:14 Luka anaitwa tabibu, tena kwa upendo. Na katika barua ya kwanza kwa Timotheo Paulo anamshauri kijana wake atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Ndugu zangu, yote hayo yalikuwamo katika Biblia ileile aliyonifungulia mdogo wangu sebuleni. Ningaliyajua siku ile, pengine bado asingalinisikia. Sidai kwamba ningaliuokoa mguu wake. Lakini ningalikuwa na la kumwambia kwa lugha aliyokuwa tayari kuisikiliza. Yeye alikosa kwa kuamini dokezo la mhubiri. Mimi nilikosa zaidi, kwa kuwa nilikuwa na shahada na macho mazima, na faili lilikuwa juu ya kabati langu.

Hii ndiyo maana ya hotuba yangu. Mtu akikuletea mstari mmoja, amekuletea dokezo. Huenda ni mwaminifu, huenda amekosea, huenda ana lake. Huwezi kujua mpaka umesoma yaliyotangulia na yanayofuata. Hata Ibilisi, katika Injili ya Luka sura ya 4, alimjia Yesu na maneno ya Zaburi. Naye Yesu alimjibu kwa Maandiko hayohayo, kwa kuwa aliyajua. Na Wayahudi wa Beroya, katika Matendo sura ya 17, walipohubiriwa na Paulo walimpokea kwa moyo, kisha wakachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Luka anawasifu kwa hilo. Ikiwa mtume Paulo alichunguzwa, mhubiri gani wa leo atachukia kuchunguzwa?

Tena tukumbuke kwamba nafasi hii ya kujisomea watu waliihangaikia. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili; mwaka uleule pia alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Askofu Edward Steere wa Unguja alifanya kazi ya tafsiri kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1882. Baada ya Agano Jipya kamili ilitoka Biblia nzima ya Kiunguja. Ile tafsiri ya Muungano ambayo wengi wetu tumekua nayo ilikamilika mwaka 1952. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulihimiza mwaka 1965 kwamba waamini wote wayasome Maandiko mara kwa mara. Leo mwanafunzi anaweza kuwa na Biblia nzima ndani ya simu. Uhaba wetu si wa vitabu.

Hapa nitahadhari. Kujisomea si kujitenga. Katika Matendo sura ya 8 kuna mtumishi wa serikali mwenzangu, yule Mkushi aliyekuwa mweka hazina wa malkia Kandake. Alikuwa garini akisoma kitabu cha Isaya. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akamkaribisha kuketi naye. Alisoma mwenyewe, kisha akauliza. Mtu anayesoma peke yake asiulize hupotea sawasawa na mtu asiyesoma; yule mhubiri wa mjini kwetu naye bila shaka alikuwa msomaji. Basi walimu na wachungaji bado tunawahitaji sana, ila tuwaendee tukiwa na kitabu mkononi na swali tulilolipata ndani yake.

Wadogo zangu wanafunzi, nawaomba mambo manne. La kwanza, msianze kwa mistari iliyotawanyika. Someni kitabu kizima. Injili ya Marko ina sura 16, na jioni moja yatosha. La pili, mkisikia mstari wowote ukitajwa, rudini sura moja nyuma na msonge sura moja mbele kabla ya kuukubali au kuukataa. La tatu, muwe na daftari, lakini liwe la maswali yenu wenyewe, si la majibu ya kaka wa mwaka jana. La nne, mtafute mwenzenu mmoja wa kusoma naye, hasa yule msiyekubaliana naye mara kwa mara.

Nanyi wahitimu wenzangu, wengi wetu ni baba wa watoto sasa, na watoto wetu wanatuuliza. Tusiwajibu kwa madokezo. Kama Biblia iko juu ya kabati, tuiteremshe.

Mdogo wangu hajambo. Anatembea kwa mguu wa bandia, anatumia dawa zake asubuhi na jioni, na anaomba kuliko mimi. Kila Jumapili jioni hunipigia simu tukasoma sura moja pamoja, yeye kule nami huku. Tulianza na Mwanzo. Sasa tuko katika Isaya. Juma lililopita alinisimamisha katikati ya mstari akasema, "Ngoja, kaka. Turudi nyuma kidogo." Tukarudi.

Sisi wa mwaka wetu tumeleta Biblia 40 kwa ajili ya maktaba ya shule. Namwomba mtunza maktaba asizifungie kabatini. Nitafurahi nikirudi hapa siku nyingine nizikute zimechakaa.

Mungu aibariki shule yetu.